Kigoda Mbele ya Kamera

Kanyenye, Tabora
22 Septemba 2024

Bamdogo Emilian,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi tupo. Mama anahangaika na steshenari yake hapa mbele, wiki hii ni mitihani ya majaribio kwa hiyo walimu wanapanga foleni ya fotokopi mpaka barazani. Mimi niko kidato cha tatu. Bibi miguu inavimba. Daktari amesema ni moyo, apunguze chumvi, naye amemjibu daktari kwamba mboga isiyo na chumvi wapewe wafungwa.

Barua yako nilipewa na Mzee Lugembe, yule mhudumu wa behewa, pale stesheni. Aliniangalia akasema, "Kumbe ndiye wewe wa Alois. Pua hiyohiyo." Nikainama. Dagaa ulionifungia barua ndani yao nilimpelekea Bibi, akanusa. "Hawa ni dagaa wa Ujiji. Nani kaleta?" Nikasema nimenunua sokoni. Akala wote.

Umeandika kwamba hutaki kuongea na Bibi, unataka kumwona tu kupitia kamera yetu ya uwanjani. Umerudia mara tatu, kama mtu anayeogopa kukataliwa kabla hajamaliza kuomba. Naelewa. Siku tulipomzika baba, Bibi alisema mbele ya watu wote Emilian asikanyage tena uwanja wake, ukaondoka hata maturubai hayajashushwa. Mama akaifungia namba yako kwenye simu yake. Ilikuwa pikipiki, wewe mbele, baba nyuma, barabara ya Urambo, na aliyeinuka ni wewe. Wote tunajua, kwa hiyo sitalirudia.

Mimi simu siiwezi, Bamdogo. Nikisema halo, maneno yaliyobaki yanaganda. Hata darasani Madam akiuliza kwa Kiingereza, jibu ninalo, lakini natikisa kichwa ili asiendelee kunitazama. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenitazama. Kwa hiyo niandikie hatua, nitafanya. Ila nina swali moja: kumtazama mtu bila yeye kujua si kumchungulia?

Mwanao,
Mektilda

*

Ujiji, Kigoma
6 Oktoba 2024

Mwanangu Mektilda,

Marahaba. Milele, amina.

Nafurahi kusikia mko salama, na Mama, bibi yako, bado ana ulimi wake. Huku kazi ipo. Nafunga intaneti kwenye maduka na nyumba za wageni, jioni narudi chumbani napika mwenyewe. Napika vibaya.

Swali lako limenikalisha chini. Nakuachia wewe, maana wewe ndiye unayeishi naye.

Ukiamua kuendelea, kazi yenyewe si kubwa. Ruta, kile kifaa kinachowaletea intaneti, ichukulie kama mlinzi wa geti. Mtu wa ndani akitoka, mlinzi anamkumbuka na kumrudisha. Mtu wa nje akija bila kuitwa, anamfukuza. Mimi nikibisha kutoka Ujiji ananifukuza, na yuko sahihi. Basi unaingia kwenye ukurasa wa ruta kwa kompyuta ya dukani, unatafuta pale palipoandikwa port forwarding, unamwambia mlinzi: akija mtu anayeuliza poti namba elfu nane, usimfukuze, mpeleke kwenye kile kisanduku cha kamera. Namba ya ndani ya kisanduku imeandikwa kwa kalamu ya wino mweusi chini yake. Mwandiko ni wa baba yako. Tulizifunga kamera hizo pamoja, yeye akishika ngazi na kunicheka kwamba natetemeka.

Kabla ya hapo badili nywila ya kisanduku. Bado ni ile ya kiwandani, na mlango ukifunguka haunifungukii mimi peke yangu, unafungukia dunia nzima. Weka ngumu. Kisha niandikie namba ya nje ya nyumba, yaani anwani yenu kwenye intaneti, utaiona kwenye ukurasa wa kwanza wa ruta.

Kisanduku chenu ni cha zamani, ndiyo maana nakusumbua na haya yote. Cha kisasa ungebonyeza mara moja. Na picha yake haina sauti.

Siku ile ya Urambo, mwanangu

Hapana. Karatasi imeisha.

Bamdogo wako,
Emilian

*

Kanyenye
20 Oktoba 2024

Bamdogo,

Shikamoo.

Karatasi haikuisha. Nyuma ilikuwa nyeupe yote. Lakini sijakasirika, na usiandike kama huwezi. Nikitaka kujua nitauliza.

Nimefanya jana, Mama alipokwenda Mtendeni kununua wino wa mashine. Kiingereza cha ruta ni kigumu kuliko cha Madam, maneno mengine siyaoni hata kwenye kamusi, lakini hakuna aliyekuwa ananingoja nijibu, kwa hiyo nilisoma polepole mpaka nikaelewa. Nywila nimebadili, ipo nyuma ya karatasi pamoja na namba ya nje. Kisanduku nilipokigeuza niliuona mwandiko wa baba. Saba yake ina mstari katikati. Nikakaa nacho sakafuni.

Ila jambo moja. Bibi hakai mbele ya kamera. Kamera inaona kuanzia tangi la maji mpaka mlango wa jikoni, na yeye anakaa nyuma ya tangi, upande wa ukuta wenye kivuli. Utaona kuku na ndoo.

Wako,
Mektilda

*

Ujiji
17 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Poleni na mvua, maana huku zimefunguka kama mtu amepasua pipa, na treni ya Lugembe ilikwama njiani siku kadhaa. Barua yako imenifikia juzi.

Nilikaa mbele ya kompyuta nimevaa shati la kanisani. Usimwambie mtu. Nikaandika namba, nikabisha. Kimya. Nikabisha tena mpaka giza likaingia, ndipo nikaelewa. Namba ya nje ya nyumba haikai. Umeme ukikatika na kurudi, kampuni inawapa nyingine, ile ya kwanza inakwenda kwa mtu mwingine. Wewe ulinipa namba ya Oktoba, mimi nimeipata Novemba. Kazi hii ndiyo inayonilisha, na nimesahau kwamba namba ya namna hiyo haitumwi kwa treni.

Dawa yake ni kuipa nyumba jina. Kuna huduma ya bure, nimekuandikia hatua nyuma. Unachagua jina, na kila namba inapobadilika, ruta yenyewe inalipelekea jina habari. Mimi nitaandika jina tu. Chagua lolote, kisha nitumie.

Halafu mwambie ruta akitunzie kisanduku namba yake ya ndani, isije umeme ukirudi akapewa mwingine.

Kuku nao nitawatazama. Ni wa Mama.

Emilian

*

Kanyenye
8 Desemba 2024

Bamdogo,

Shikamoo. Huku Majilio yameanza, Mama ameniandikisha kwaya ya vijana bila kuniuliza. Nimepangwa safu ya nyuma, nafungua mdomo tu.

Jina la nyumba ni alois-kanyenye.

Nitasema ukweli maana ni karatasi. Nililiandika kwa hasira. Niliwaza, kila akitaka kumwona mama yake, lazima aliandike kwanza jina la baba yangu. Nikabonyeza. Halafu hasira ikaisha papo hapo, nikabaki natazama jina la baba pale kwenye kioo, na duara dogo la kijani pembeni yake linaloonyesha kwamba lipo hewani. Sikuweza kulifuta. Sasa kazi ni kwako.

Na nimemwambia Bibi. Nilishindwa kula siku mbili, mwisho nikamfuata alipokuwa anapembua maharage nikasema yote kwa pumzi moja, kamera, poti, Ujiji, wewe. Sijawahi kumsemesha maneno mengi hivyo. Aliendelea kupembua. Nikadhani hajasikia.

Kisha akauliza, "Anaona mpaka wapi?"

Nikamwonyesha. Kutoka tangi mpaka mlango wa jikoni. Akasema, "Na dagaa wale?" Nikasema ndiyo, vilevile ni yeye. Akasema, "Sokoni hawauzi dagaa wasio na mchanga. Unadhani mimi mtoto?"

Basi. Hakukubali wala hakukataa. Asubuhi yake nikakuta amehamisha kigoda. Ametoka nyuma ya tangi, amekaa katikati ya uwanja, ndani ya macho ya kamera. Ila ameipa mgongo.

Nisamehe kama unaumia.

Mektilda

*

Ujiji
12 Januari 2025

Mwanangu Mektilda,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Krismasi niliila kwa jirani, watu wazuri, walinilazimisha mpaka sahani ya tatu ya wali.

Jina nimeliandika. Mara ya kwanza vidole vilikataa, nikatoka nje, nikarudi. Sasa naliandika kila siku saa kumi jioni nikitoka kazini. Sikulaumu. Labda ulipatia kuliko unavyodhani: kabla ya hapo sikuwa nimeliandika wala kulitamka tangu siku ile.

Kisanduku ulisahau kukitunzia namba yake. Siku mbili baada ya Krismasi nilibisha nikafunguliwa na mashine ya fotokopi ya mama yako, ikaniarifu kwamba wino unakaribia kuisha. Naona umeme ulikatika tena baadaye, kila mmoja akarudi mahali pake. Rekebisha hilo. Na mwambie mama yako wino.

Kuhusu mgongo, usiniombe msamaha. Ndio mgongo ulionibeba. Nimeutazama leo akiwa na ile kanga ya kahawia, nikakumbuka hata harufu yake, jasho na moshi na asali ya baba. Alipoinuka alishika kiuno. Alikuwa hashiki kiuno.

Natamani kuuliza kama Mama huwa anataja jina langu. Usinijibu.

Emilian

*

Kanyenye
9 Machi 2025

Bamdogo,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Leo naandika haraka, Mzee Lugembe anapita kesho.

Jana ilikuwa misa ya kumbukumbu ya baba, miaka miwili. Tulirudi nyumbani na wanakwaya, tukawapa chai, wakaondoka. Najua saa kumi ulikuwa unatazama, kwa hiyo uliona. Lakini hukusikia, nami nilikuwepo, kwa hiyo nakuandikia ulichokosa.

Bibi hakuvua kitenge cha misa. Alikwenda stoo akatoa kile kigoda cha pili, cha miguu mitatu, alichochongewa na babu. Akakiweka kando ya chake. Kisha akakigeuza chake, akakaa, akaitazama kamera uso kwa uso. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria.

Akasema, "Emilian. Umekonda au umenenepa? Mimi sikuoni."

Akangoja. Akaniuliza, "Mbona hajibu?"

"Hasikii, Bibi. Anaona tu."

"Anaona tu?" Akafikiri. "Basi mimi miaka miwili nasikia tu. Naambiwa yupo Ujiji, naambiwa anakula kwa majirani. Haya, na aone."

Ndipo akakipigapiga kile kigoda kitupu kwa kiganja. Akasema, "Njoo ukae. Wazee wetu walikwenda Ujiji kwa miguu wamebeba pembe za ndovu za watu wengine mabegani, na wakarudi. Wewe una treni."

Bamdogo, niliitua sufuria chini. Nikamwambia nichukue simu ya Mama, tumpigie sasa hivi. Akanikatalia. "Neno la kumrudisha mtu nyumbani halipigwi simu kama kuagiza sukari. Linatumwa, na kitu mkononi. Mwandikie." Na mimi nikashukuru moyoni kwamba sitalazimika kusema halo.

Kitu chenyewe ni hii chupa ya asali. Ameichuja mwenyewe. Amesema ukiionja utajua ni nani amekuita, hata barua ikilowa.

Njoo. Mama pia anajua. Ameitoa shuka ya wageni.

Mektilda wako

*

Ujiji
13 Aprili 2025

Mwanangu Mektilda,

Salaam nyingi kwako na kwa mama yako. Nilifika salama baada ya mazishi.

Barua yako ya tarehe tisa Machi nimeipata jana. Ilikuwa imelala stesheni ya Kigoma ndani ya boksi, imefungwa na chupa ya asali. Lugembe alishikwa na homa kali safari ileile, akapelekwa moja kwa moja hospitali, na hakuna mwingine aliyejua boksi ni la nani. Jana ametoka, amekonda, ameniletea mwenyewe akilia. Nimemwambia asilie.

Kwa hiyo mama yako aliponipigia siku ile kuniambia Mama amekata roho, mimi nilikuwa bado sijaitwa. Hilo nataka ulijue. Nilikuja kuzika kama mtu anayeingia nyumba aliyokatazwa.

Niliona, ndiyo. Tarehe nane nilikuwa nimekaa. Alipogeuka, nilisimama. Nikaona midomo inacheza, nikakisogelea kioo kama mjinga, kana kwamba nikikaribia nitasikia. Alipokipigapiga kigoda, nikadhani anafukuza siafu, maana mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Siku zote zilizofuata alikaa vile, ananitazama, kigoda kitupu pembeni. Nikajiambia: ni kumbukumbu, kigoda hicho ni cha Alois. Amenigeukia ili nione kwamba nafasi ya Alois haina mtu. Nikasema ni haki yangu. Kila saa kumi nilikaa nikaonyeshwa, nami nikatazama, sikukwepa. Kumbe kilikuwa changu.

Siku kumi na mbili aliningoja, Mektilda. Tiketi ya treni niliweza kuinunua kila asubuhi.

Nilitaka kukuuliza msibani alisema nini. Lakini wewe ulikuwa jikoni na wanawake, mimi nje na wanaume, na kila tulipopishana uliinamisha uso. Nikadhani umenichoka.

Asali nimeionja. Ni yeye.

Sasa nakuomba jambo la mwisho kuhusu kazi hii. Ingia kwenye ruta, ifunge ile poti. Mlango usio na mtu wa kumtazama haufai kuachwa wazi. Na jina la nyumba lifute, baba yako apumzike.

Emilian

*

Kanyenye
27 Aprili 2025

Bamdogo,

Shikamoo.

Mama hajambo, anaendelea na kazi. Mimi sijambo, ila usiku naota nasikia maharage yakipembuliwa. Kuku mmoja ametotoa. Mwambie Mzee Lugembe nimemwombea.

Sikukuchoka. Nilidhani barua ulishaipata. Msibani wanaume wenzako walikupisha ukae kwenye kile kigoda cha miguu mitatu, ukakataa, ukakaa chini kwenye mchanga. Nilikuona kutoka dirisha la jikoni. Nikawaza, ameitwa, amekuja amechelewa, na hata sasa hataki kukaa. Ndiyo maana niliinamisha uso. Tulikuwa hatua chache, kila mmoja anangoja mwenzake aandike.

Poti sijaifunga.

Nilifungua ule ukurasa, nikaifikia alama ya kufuta, nikatoa mkono. Mama alikuwa nyuma yangu, sikujua. Alikuwa anasoma jina la baba. Akaniuliza, "Hii ndiyo anayoitumia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Acha," akarudi kwa wateja. Mwezi huu amelipia intaneti kabla haijakatika.

Namba ya kisanduku nimeshaitunza, hutafunguliwa tena na fotokopi.

Unajua sipendi kutazamwa. Kwaya bado nafungua mdomo tu. Lakini leo baada ya misa nimetoa vigoda vyote viwili stoo, nimevifuta, nimeviweka kati ya tangi na mlango wa jikoni. Cha Bibi nitakalia mimi, Jumapili hii na zinazofuata, saa kumi. Sitasema kitu, maana hutasikia. Nitapembua maharage.

Na ukiniona nakipigapiga kile kingine, Bamdogo, usidhani ni siafu.

Mektilda